Vumbi la Kasulo: namna mionzi na metali zinavyoharibu DNA

Vijana wengi wa makanisa yetu ya mashariki wanashuka Kolwezi kutafuta maisha, na wazazi wao hutuuliza: je, mawe ya Kasulo yana mionzi? Sisi ni wachungaji, si madaktari, lakini swali linastahili jibu la kweli.

Kasulo ni mtaa wa makazi. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya viwanja vya nyumba, na watu wakachimba mashimo uani, wengine hata ndani ya nyumba. Kobalti ya asili haitoi mionzi. Ile ya kutibu saratani hospitalini, kobalti-60, hutengenezwa katika vinu vya nyuklia. Lakini ardhi hii ina urani pia. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya 1945.

DNA ni kama kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa ndani ya seli. Mionzi huikata moja kwa moja, au hupasua maji ya seli na kuzalisha kemikali kali zinazoiunguza. Uzi mmoja ukikatika, seli huutengeneza kwa kufuata ule mzima. Zikikatika zote mbili, kuzitengeneza ni kugumu zaidi: seli yaweza kufa au kuziunga vibaya, na kosa hilo laweza kuleta saratani miaka mingi baadaye.

Viungo havidhuriki sawa. Uboho wa mifupa na utando wa utumbo, ambao seli zake hugawanyika haraka, huumia mapema. Ubongo na misuli ya mtu mzima huvumilia zaidi. Mtoto aliye tumboni, ambaye mwili wake wote unajengwa, ni dhaifu kuliko wote. Kwa mchimbaji, hofu kubwa ni mapafu. Urani huzaa gesi ya radoni, isiyo na harufu, inayojikusanya katika mashimo yasiyo na hewa. Chembe za alfa zitokanazo nayo huzuiwa hata na karatasi, lakini zikitolewa ndani ya pafu hukata DNA kwa karibu. Sehemu ya urani iliyoingia damuni hukaa mifupani, na figo huumizwa na sumu yake kuliko mionzi yake.

Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walitangaza vipimo vya wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao watoto. Watoto hao walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi hivi kuliko watoto wa mtaa usio na machimbo. Urani nayo ilikuwa juu, na alama za DNA iliyoharibika zilionekana. Tusichanganye mambo: uharibifu huo ulihusishwa na metali, hakikuwa kipimo cha mionzi. Lakini metali nazo huzalisha kemikali kali zile zile.

Metali hizo zilikutwa pia katika vumbi la nyumbani. Kwa hiyo mama anyunyize maji kabla ya kufagia, mawe yasioshwe katika beseni la chakula, na baba atokaye shimoni aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.