Skrini Mpya, Joto la Zamani

Kama umewahi kupita Mombasa Road mchana wa Februari, Salama unaijua. Malori yamepanga foleni kando ya lami, chai inachemka, na upepo umegoma kabisa.

Mwaka nilioacha chuo nilikuwa huko, nikimsaidia mjomba wangu na Prius yake ya mtumba. Alikuwa anabeba watu kwenda Nairobi. Skrini ya dashibodi ilizungumza Kijapani tupu, kwa hivyo fundi mmoja jijini aliitoa akaweka ya Android. Tulitoka hapo na ramani, Bluetooth na kamera ya nyuma. Raha! Tulipofika Malili, abiria walikuwa wameshafungua madirisha yote. Mjomba alitafuta pa kuongeza feni, akapakosa.

Kosa letu lina historia ndefu kuliko gari lenyewe.

Redio ilipoingia kwenye magari ilikuja kama mgeni. Mwaka 1930, Paul Galvin na kakake Joseph walianza kuuza Chicago redio ya gari waliyoiita Motorola. Ilihitaji moto wa betri na antena, basi. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwenye Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na ambalo Kenya iliunganisha kwa miaka mingi. Hita yake iliendeshwa kwa vishikio vinavyovuta waya wa chuma. Ng'oa redio, weka kaseti, weka CD: upepo haujui umefanya nini.

Miaka ya 1990 mitumba ya Japani ikajaa barabarani, ikaja na shida yake. Redio za FM za Japani ziliishia megahezi 90, na zetu ziko kati ya 88 na 108. Capital FM ilipoanza mwaka 1996 kwenye 98.4, gari la Japani lilikuwa kiziwi kwake. Dawa ilikuwa kijisanduku kinachoitwa band expander, kinachofungwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa. Kikipunguza 20, unaisikia Capital kwenye 78.4. Hata hapo, AC haikuguswa. Redio na AC zilikuwa majirani tu, kila mmoja na mlango wake.

Halafu majirani wakaoana. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitangaza CAN, mfumo unaoziwezesha kompyuta za gari kuongea kupitia jozi moja ya nyaya badala ya kila swichi kuwa na waya wake. Watengenezaji wakaanza kuona dashibodi kama mashine moja. Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka 2003, ilifuata fikra hiyo: kasi ya feni na mahali upepo utokee unapanga kwenye skrini. Ukiitoa, umetoa pia swichi.

Na si jasho tu. Betri kubwa ya Prius hiyo hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Abiria wakichemka, betri nayo inachemka, na bei ya betri ingemmaliza mjomba.

Fundi wa pili, mzee wa redio, hakugusa waya kwanza. Aliuliza, "Ile ya zamani iko wapi?" Ilikuwa kwenye buti, imefungwa kwa gazeti. Akairudisha. Kisha akachomeka kwenye tundu la kiberiti kisambazaji kidogo cha FM, akakiweka 88.1, mahali pachache ambapo redio ya Japani na vifaa vya Kenya vinakutana. Simu ikakaa kwenye kishikio, ramani ikaongea kwa spika za gari.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "kumbe tulilipa kuondoa kitu tulichokuwa tunakihitaji."

Kwa hivyo kabla hujampa fundi bisibisi, washa gari, bonyeza kila kitu, uone skrini inatawala nini. Kama inatawala hewa, iache mahali pake na uongeze kando. Skrini ya mjomba bado ni ya Kijapani. Kitufe cha feni tumekikariri.