Masalia ya Viuatilifu Kwenye Chakula: Namna Usalama Wake Unavyopimwa

Masalia ya viuatilifu ni kiasi cha dawa ya kuua wadudu, magugu au kuvu, pamoja na kemikali zinazotokana na kuvunjika kwake, kinachobaki ndani au juu ya zao baada ya kuvunwa. Masalia hayo yanaweza kuwapo hata pale mkulima alipofuata maelekezo yote. Kwa hiyo, kugundua kwamba yapo hakutoshi kutoa hukumu juu ya chakula. Ni lazima ijulikane pia yapo kwa kiasi gani, mlaji anakula kiasi gani, na mwili unaweza kupokea kiasi gani bila kudhurika.

Katika ngazi ya kimataifa, tathmini hiyo hufanywa na Mkutano wa Pamoja wa FAO na WHO kuhusu Masalia ya Viuatilifu, ulioanza mwaka 1963. Mapendekezo yake hutumiwa na Kamisheni ya Codex Alimentarius kuweka viwango vya chakula vinavyotumika katika biashara baina ya nchi.

Kupima sumu

Hatua ya kwanza ni kutafuta dozi kubwa kabisa ambayo haikuleta madhara kwa wanyama wa maabara. Kwa kawaida dozi hiyo hugawanywa kwa 100: mara 10 kwa kuzingatia tofauti kati ya mnyama na binadamu, na mara 10 nyingine kwa kuzingatia tofauti baina ya binadamu wenyewe. Kinachopatikana ni kiwango ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila hatari inayotambulika. Kwa kemikali zenye sumu ya haraka, huwekwa pia kiwango cha mlo mmoja au siku moja.

Kupima shambani

Hatua ya pili hufanyika shambani. Zao hupuliziwa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, siku za kusubiri huhesabiwa, kisha mavuno hupimwa maabara. Kutokana na majaribio hayo huwekwa kiwango cha juu cha masalia kinachoruhusiwa katika zao husika. Kiwango hiki huonesha kama dawa ilitumika ipasavyo. Zao likikizidi, halistahili kuuzwa. Lakini ili kujua kama mlaji amedhurika, hesabu ya mlo lazima ifanyike.

Hesabu ya mlo

Chukua mfano wa kiuatilifu chenye kiwango cha kila siku cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu mzima wa kilo 60 anaweza kula hadi miligramu 0.6 kwa siku. Mtoto wa kilo 12, miligramu 0.12 tu. Ikiwa nyanya zina miligramu 0.5 kwa kilo, mtu mzima akila gramu 300 atapata miligramu 0.15, yaani robo ya kiwango chake. Mtoto akila nusu ya kiasi hicho atapata miligramu 0.075, zaidi ya asilimia 60 ya kiwango chake. Ndiyo maana watoto hufanyiwa hesabu yao peke yao.

Tathmini hurudiwa ushahidi mpya unapopatikana. Klorpirifosi ilitumika kwa miongo mingi, lakini Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2020 kutokana na hofu ya madhara kwa vinasaba na kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto. Mwaka 2025 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazopaswa kuondolewa, pamoja na misamaha maalumu.

Wajibu nchini

Nchini Tanzania, viuatilifu husajiliwa na kudhibitiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia viwango na usalama wa chakula.

Hata hivyo, hesabu zote hizi zina sharti moja: dawa itumike kama lebo inavyoelekeza. Mkulima anayezidisha kipimo, anayechanganya dawa kiholela, au anayepulizia leo na kuvuna kesho ili awahi bei ya soko, huondoa zao lake katika mipaka iliyopimwa na wataalamu. Mlaji anashauriwa kuosha matunda na mboga kwa maji safi yanayotiririka, na kumenya inapowezekana. Hatua hizo hupunguza masalia yaliyo juu ya ganda, lakini haziondoi dawa iliyokwisha kufyonzwa ndani ya mmea. Dawa ya namna hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita, na kwa hiyo siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo hazina mbadala jikoni.