Utunzaji wa Majengo ya Kale na Wajibu wa Kanisa

Sisi tunaohudumu katika sharika za Ubungo tumezoea kuona majengo yakiondoka. Mwaka 2017, Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kuanzia Kimara hadi Kibaha, nyumba nyingi zilibomolewa kupisha kazi hiyo. Mji unaokua hauwezi kukwepa jambo hilo daima. Lakini yapo majengo ambayo hakuna barabara inayoyadai, nayo hubomolewa na wenyewe kwa kuwa yamechakaa au hayatoshi. Miongoni mwa wenyewe hao, Kanisa limo. Kwa hiyo yafaa tujiulize: ni nani aliyepewa dhamana ya kuyalinda majengo ya kale, na dhamana hiyo inafika wapi?

Katika Tanganyika, sheria ya kuhifadhi makumbusho ya kale ilitungwa na serikali ya Waingereza mwaka 1937. Idara ya Mambo ya Kale iliundwa mwaka 1957, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Neville Chittick, mtaalamu aliyechimbua magofu ya Kilwa. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye halipati ulinzi huo mpaka Waziri alitangaze.

Mwaka huo una maana kubwa kwetu. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa na Sultani Majid mnamo 1866 na 1867, limeukosa kwa miaka michache tu. Wamisionari wa Kilutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Basi kanisa la Azania Front, ambalo leo ni Kanisa Kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani, pamoja na makanisa yote ya misheni zetu, yako nje ya mpaka huo. Kwa majengo hayo, tangazo la serikali ndilo ngao ya kisheria. Na pasipo tangazo, usalama wake umo mikononi mwa wazee wa usharika.

Kazi ya chombo cha umma si kukataza tu. Huko Zanzibar, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Mwenye nyumba anayetaka kujenga au kukarabati hupeleka maombi yake kwanza, naye huelekezwa namna ya kufanya. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka na kuua watu. Tunajifunza kwamba kuandikwa katika orodha hakuzuii ukuta kuanguka. Jengo huokolewa na matengenezo ya kila mwaka.

Wataalamu hutufundisha pia jambo ambalo mafundi wetu wengi wamelisahau. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, nayo huruhusu unyevu kupita na kukauka. Tukizipaka saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, lipu hubanduka, na jiwe lenyewe huanza kumong'onyoka. Hivyo usharika wenye nia njema na mifuko mingi ya saruji waweza kuliharibu jengo kuliko mvua.

Ushirikiano mwema umekwisha kuonekana. Boma la Kale lilikarabatiwa katika miaka ya 2010 na Jiji, wasanifu majengo wa Tanzania na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Kanisa Kuu la Waanglikana la Zanzibar, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, nalo lilikarabatiwa, na kituo cha historia ya utumwa kikafunguliwa hapo mwaka 2016. Waumini wangali wanasali humo.

Wako watakaosema kwamba Kanisa ni watu, wala si mawe, na kwamba fedha ni chache. Neno hilo ni kweli. Walakini Yoshua, katika sura ya nne ya kitabu chake, aliagizwa kusimamisha mawe ili watoto waulize maana yake, na wazazi wawe na la kujibu. Tukiyaondoa mawe, tunaliondoa na swali.

Basi, kabla baraza la wazee halijaamua kubomoa kanisa la kale, hatuna budi kufanya mambo matatu: kulipima na kulipiga picha, kuandika masimulizi ya wazee waliobatizwa humo, na kuwaita maofisa wa Mambo ya Kale waje walitazame. Pengine kanisa jipya litajengwa kando yake, na la zamani likawa darasa la kipaimara.