Serikali Zilifunga Ibada, Filimbi Zikakataa Kunyamaza: Stori 3 Unafaa Kujua

Wengi wetu tukiskia neno filimbi tunakumbuka ile rekoda ya plastiki ya gredi ya nne, ile ilifanya majirani wafunge madirisha. Lakini kuna filimbi ambazo watu walizipuliza kusali, kuomboleza, hata kukatia mrembo. Na si mambo ya jana. Mwaka wa 2008, watafiti walichimbua filimbi ya mfupa wa tai kwenye pango la Hohle Fels, Ujerumani. Ina matundu 5 na umri wa zaidi ya miaka 35,000.

Noma ni kwamba wakubwa wakiamua kuzima imani ya watu, filimbi nayo inaumia. Cheki hizi tatu.

1. Shakuhachi (Japani)

Ni filimbi ya mwanzi, ina matundu 4 mbele na 1 nyuma, na unaipulizia kwa ncha ya juu. Jina lake ni kipimo tu cha kizamani cha Kijapani, karibu sentimita 54.

Enzi za utawala wa Tokugawa, hii ilikuwa ya watawa wa madhehebu ya Fuke, walioitwa komuso. Walizunguka wakiomba sadaka, kichwa chote kikiwa ndani ya kikapu. Kwao kupuliza haikuwa shoo. Ilikuwa njia ya kutafakari, pumzi kwa pumzi.

Mwaka wa 1871, serikali ya Meiji ikafuta Fuke. Walimu wakajipanga upya: shakuhachi ikaingia jukwaani kama ala ya muziki wa kawaida. Unadhani hujawahi kuiskia? Skiza mwanzo wa "Sledgehammer" ya Peter Gabriel, ya 1986. Ule mlio ni shakuhachi, imetolewa kwa kinanda cha elektroniki.

2. Nai (Uturuki)

Hii ni tete tu, mmea wa kando ya maji, limetobolewa matundu. Lakini kwa Wamevlevi, Waislamu wanaofuata njia ya Rumi aliyefariki Konya mwaka wa 1273, sauti yake ni kama kilio cha mtu aliyetenganishwa na kwao. Ndiyo huongoza sema, ile ibada ya kuzunguka ukiwa na joho jeupe.

Mwaka wa 1925, serikali ya Mustafa Kemal Atatürk ilifunga nyumba zote za tarika. Sema ilirudi hadharani Konya miaka ya 1950, lakini kwa jina la onyesho la utamaduni. Mwaka wa 2005 UNESCO ikaitambua kama urithi wa dunia nzima. Yaani kitu ambacho watu walifungiwa kikawa kitu cha kuvutia watalii.

Na usiseme haituhusu. Nai ya Waarabu ilishafika kwa taarab ya Zanzibar kitambo.

3. Filimbi ya Wenyeji wa Marekani

Ina vyumba viwili vya hewa ndani, na juu yake kimefungwa kipande kidogo kinachoitwa ndege. Hicho ndicho kinaelekeza pumzi, kwa hivyo hata mtu anayeanza leo anapata mlio. Kwa makabila kadhaa, kijana aliipuliza ndiyo msichana ajue anapendwa.

Mwaka wa 1883, serikali ya Marekani iliweka kanuni zilizofanya ngoma za kiasili na kazi ya waganga kuwa makosa. Watoto nao wakapelekwa shule za bweni ambako kuongea lugha ya nyumbani kulileta adhabu. Filimbi yenyewe haikuwa shabaha kuu, lakini nani angefundisha, na angemfundisha nani? Sheria ya kulinda uhuru wa dini zao ilikuja 1978. Karibu miaka 100!

Doc Tate Nevaquaya, Mkomanchi, ni kati ya wale walioifufua. Halafu akaja R. Carlos Nakai, wa ukoo wa Navajo na Ute, msee aliyeanza na tarumbeta. Albamu yake Canyon Trilogy ya 1989 ilifika platinamu. Filimbi moja, bila biti, bila rapa.

Sasa, ziliokolewa ama ziliuzwa?

Hapo ndipo kuna kazi. Zote tatu zilipona, lakini ilibidi zivue nguo za ibada. Leo utazipata kwa video za yoga na za kulala, bila hata jina la watu walioziunda. Hakuna ubaya kupumzika nazo. Ubaya ni kudhani zilitengenezwa zikusaidie kulala, ilhali kuna watu walifungiwa ibada yao nyuma ya huo mlio.

Kama unataka kuanza, anza na ya Wenyeji wa Marekani kwa sababu ni rahisi. Shakuhachi itakunyima sauti kwanza, usikate tamaa.

Na kabla uagize ya mbali, uliza kuhusu chivoti, filimbi ya ubavu ya Wadigo kule Kwale. Hiyo hakuna serikali imeipiga marufuku. Lakini jiulize: ni lini mara ya mwisho uliiskia? Muziki hauhitaji sheria ndiyo ufe. Unahitaji tu sisi tusiskize.