VAKYUMU YA BEI MBAYA: NI MALI AU NI KUPIGWA?

Mada ya leo imetoka kwa mama yangu mdogo, ana gesti ya vyumba nane Kibondo mjini. Wiki moja alikuja wakala mmoja na mashine ya kufyonza vumbi, zile wengi tunaziita vakyumu. Akafyonza zulia la sebuleni mbele ya wageni, akafungua chombo, vumbi jekundu limejaa. Bei milioni moja na nusu, unaweza kulipa kidogo kidogo. Mama mdogo akataka kukopa VICOBA siku hiyo hiyo. Bahati nzuri akanipigia kwanza: "Mwanangu, hebu niangalizie huko kwenye intaneti, hii kitu ni kweli au naibiwa?"

Nikakaa kafe masaa mawili. Haya niliyoyapata nayaweka hapa, maana najua hayupo peke yake.

KWANZA, HII MASHINE ILITOKA WAPI

Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alipata hataza ya mashine ya kuvuta vumbi. Kabla ya hapo watu walikuwa na mashine za kupuliza vumbi, ambazo zinalihamisha tu kutoka hapa kwenda pale. Inasemekana Booth aliweka leso kwenye kiti, akavuta hewa kwa mdomo, leso ikabaki na uchafu. Mashine yake ya kwanza ilikuwa kubwa kama gari, inakokotwa na farasi, inapaki nje halafu mipira inaingizwa dirishani.

Ile ya kushika mkononi ilitoka kwa mtu wa chini kabisa. James Murray Spangler alikuwa anasafisha jengo la duka huko Canton, Ohio, Marekani, na alikuwa na pumu. Kufagia kulimsumbua kifua. Akaunga mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, vumbi likawa linaingia kwenye foronya. Hataza akapata 1908, kisha akamuuzia William Hoover. Jina la Hoover mnalijua.

Miaka mingi baadaye Mwingereza James Dyson alitengeneza sampuli 5,127 mpaka akapata mashine isiyotumia mfuko. Hewa inazungushwa kama kimbunga, vumbi linatupwa pembeni na kudondoka kwenye chombo. Mashine yake ya DC01 iliingia sokoni 1993, na bei zikapanda kwenda juu.

Kwa hiyo kazi ya mashine ni ile ile: mota inazungusha feni, hewa inavutwa, vumbi linabaki njiani. Ya laki tatu inafanya hivyo, na ya milioni moja na nusu inafanya hivyo. Swali ni ile milioni moja na laki mbili ya juu unanunua nini.

WATI NYINGI SIO NGUVU NYINGI

Hapa ndipo wengi tunapigwa. Muuzaji anakwambia "hii ni wati 2,000" kama anauza ng'ombe kwa kilo. Wati ni umeme unaoliwa. Sio nguvu ya kuvuta.

Ushahidi upo. Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba kuanzia Septemba 2014 vakyumu mpya za nyumbani zisizidi wati 1,600, na kuanzia Septemba 2017 zisizidi 900. Watu walilalamika. Lakini viwanda vikaboresha feni, njia ya hewa na kichwa kinachogusa sakafu, na mashine za wati 900 zikaendelea kusafisha vizuri tu.

Ulaya waliweka pia lebo ya herufi kuonyesha ubora. Dyson wakaenda mahakamani, kwa sababu vipimo vilifanywa chombo kikiwa kitupu. Novemba 2018 mahakama ikaifuta lebo ile. Fundisho lake ni kubwa: mashine tupu karibu zote zinavuta. Muulize muuzaji inavutaje ikiwa imejaa nusu. Vumbi letu la huku ni laini sana, linaziba chujio haraka kuliko nywele na makombo ya mkate wanayofyonza wenzetu.

TUPIGE HESABU

Sheria ile ile ya Ulaya ilisema kuanzia 2017 mota lazima iweze kufanya kazi masaa 500 au zaidi. Tuchukue 500 kama kipimo.

Nyumbani: nusu saa, mara mbili kwa wiki. Kwa mwaka ni masaa 52. Masaa 500 yanakupeleka zaidi ya miaka tisa. Kwa nyumba ya kawaida, mota ya mashine ya kati inatosha kabisa. Hiyo ya bei mbaya itadumu zaidi, ndiyo, lakini wewe hutaitumia mpaka huko.

Gesti: saa moja kila siku. Kwa mwaka masaa 365. Masaa 500 yanaisha chini ya mwaka na nusu. Hapa mashine imara ina maana, na ukinunua ya bei chee utanunua tena na tena.

Umeme je? Kwa bei ambazo EWURA ilizitangaza 2016, mteja mdogo wa nyumbani alikuwa analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, zikizidi hapo shilingi 350. Biashara ndogo shilingi 292 kabla ya kodi. Angalia risiti yako ya LUKU ujue unalipa ngapi leo, halafu fanya hivi:

Wati 1,600 kwa masaa 52 ni uniti 83.2. Wati 900 kwa masaa 52 ni uniti 46.8. Tofauti ni uniti 36.4. Hata ukizipiga zote kwa shilingi 350, ni shilingi 12,740 kwa mwaka mzima. Milioni moja na laki mbili hairudi kwa mtindo huo, labda wajukuu zako waimalizie.

Kwa gesti ni uniti 584 dhidi ya 328.5. Tofauti uniti 255.5, kwa 292 ni kama shilingi 74,600 kwa mwaka. Sio hela ndogo, lakini bado ni zaidi ya miaka 16 kurudisha ile milioni na laki mbili. Kwa hiyo anayekwambia "itajilipa yenyewe kwa umeme", mwambie apige hesabu hiyo mbele yako.

PALE AMBAPO BEI KUBWA INA HAKI YAKE

Nisiwe mnafiki, kuna vitu unalipia kweli.

1. Chujio la HEPA. Daraja la H13 linakamata asilimia 99.95 ya chembe zile ndogo sana ambazo ni ngumu kuliko zote kuzikamata. Mashine isiyo na chujio zuri inavuta mchanga mbele, inatema vumbi laini nyuma, na hilo laini ndilo linaloingia kifuani. Lakini HEPA ina maana kama mashine yenyewe imezibwa vizuri. Kama hewa inatokea kwenye maungio, chujio linabaki pambo.

2. Vipuri. Mashine inayopata brashi za kaboni za mota, mpira na chujio ni mali. Isiyopata ni chuma chakavu. Uliza vinapatikana Kigoma au Mwanza, au mpaka uagize Dar. Kama inatumia mifuko, uliza bei ya mifuko kabla ya bei ya mashine.

3. Kelele. Kwa gesti yenye wageni wanaolala mchana, hili sio dogo.

Za betri zisizo na waya ni nyepesi na zinapendeza, ila betri za lithiamu huchoka baada ya miaka kadhaa na betri mpya sio bei rahisi. Ukiona haipatikani kwetu, achana nayo.

MTEGO WA ZULIA

Ule mchezo wa wakala kufyonza zulia na kukuonyesha vumbi ni wa zamani, Marekani wauzaji wa nyumba kwa nyumba wameutumia miaka mingi. Ukweli ni kwamba zulia halimalizi vumbi. Ukifyonza kwa mashine yoyote, kisha ukaleta nyingine, ya pili itatoa vumbi pia. Ukirudia na ile ya kwanza, nayo itatoa. Hiyo haijathibitisha mashine ipi bora. Imethibitisha kwamba zulia lako lina vumbi, jambo ambalo ulilijua.

MAMBO YA KWETU HUKU

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mashine ya mtumba kutoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua, na duka halirudishi hela. Geuza mashine, soma kibandiko chini. Miaka mingi Kibondo na Kasulu tulikuwa kwenye majenereta ya dizeli, gridi ya taifa imekuja 2022. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, chomoa plagi.

Kwa wenye sola ya taa na simu: sahau. Vakyumu ya wati 900 inataka inveta kubwa na betri za kutosha, na mota inapowaka inavuta zaidi ya wati zake.

Na kwa sisi wa vijijini: kwetu Nyabibuye (tupo Kakonko tangu wilaya igawanywe kutoka Kibondo 2012) nyumba nyingi bado zina sakafu ya udongo. Vakyumu kwenye udongo haina kazi, utafyonza sakafu yenyewe mpaka uchoke. Sakafu ya vumbi ndiyo makazi ya funza, wale wanaoingia kwenye vidole vya watoto. Mwenye milioni moja na nusu na sakafu ya udongo, anunue mifuko ya saruji. Asiye nayo, anyunyize maji kabla ya kufagia. Ufagio mkavu unarusha vumbi hewani na linakaa muda mrefu baada ya wewe kumaliza.

KWA WENYE KAFE

Msitumie vakyumu ya nyumbani ndani ya kompyuta. Mpira ule wa plastiki vumbi likipita unatengeneza umeme tuli, unaweza kuua memori au mazabodi. Tumia blowa. Zima, chomoa, peleka nje, na feni ishike kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa na upepo inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi au kuharibika. Vakyumu tumia kwenye sakafu na mapazia ili vumbi lisifike huko ndani.

USIFANYE HAYA

- Usifyonze maji kwa mashine isiyo ya maji. Shoti.
- Usifyonze majivu ya mkaa yenye moto. Mfuko unawaka.
- Usifyonze saruji wala vumbi la jipsamu. Chujio limekwisha.
- Chujio linalooshwa likauke saa 24 kabla ya kurudisha.
- Mwaga vumbi nje, upepo ukiwa mgongoni kwako.

MAMA MDOGO ALIFANYAJE?

Nilienda mwenyewe Kibondo. Vyumba vyote vinane vina saruji, na kila kimoja kina kipande cha zulia pembeni ya kitanda. Sebuleni zulia kubwa na makochi. Nikamuuliza nani anasafisha. Akaniitia dada mmoja, ana pumu, kila asubuhi anafagia mkavu na leso mdomoni.

Hapo nikaona swali letu halikuwa la vakyumu ya milioni moja na nusu. Kwa mtu mwenye pumu, zulia la chumbani ni ghala la vumbi, na dawa rahisi kuliko zote ni kulitoa. Vile vipande vinane vikatolewa siku ile. Vyumba sasa vinapigwa deki kwa maji, hakuna kufagia mkavu. Kwa sebule akanunua lile pipa la kufyonza maji na vumbi, la bei ya kati, lenye mfuko ndani na chujio zuri, na fundi wa pale mjini anazijua mota zake. Anayelishika ni kijana wa getini, sio yule dada. Na kwa kuwa linafanya kazi sebuleni tu, kama dakika ishirini kwa siku, masaa 500 yatachukua miaka minne na kidogo.

VICOBA hakukopa. Wakala alirudi mara mbili, akaambiwa asante baba, tumeshapata.

Mwezi uliopita nilipita pale. Yule dada alikuwa anadeki korido. Nikamuuliza kifua vipi, akasema vumbi la barabarani bado lipo, ila la ndani limepungua, usiku analala.

KWA KIFUPI

Sakafu ya udongo: saruji kwanza. Saruji au vigae bila zulia: deki. Nyumba yenye zulia: mashine ya kati yenye vipuri vya karibu. Gesti au ofisi yenye mazulia mengi: mashine imara, hapo lipa zaidi. Mwenye pumu: toa zulia kwanza, ukishindwa ndio ununue HEPA iliyozibwa kweli.

Kama una mashine na umekaa nayo miaka mingi, tuambie hapo chini ni ya aina gani na vipuri unapata wapi. Itasaidia wengine wasipigwe.