Gari Inafunga Breki Yenyewe, Lakini Nithi Bado Ni Nithi

Wasee, kuna kitu kimeingia kwa barabara ya Embu–Meru polepole na hakuna mtu amekitangaza. Siku moja ukiwa Makutano pale Meru, au Embu mjini, angalia Demio, Vitz na Impreza zilizopaki. Angalia juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma. Ukiona kijisanduku cheusi chenye jicho moja au mawili, kuna uwezekano mkubwa hiyo gari inaweza kufunga breki yenyewe kabla dereva hajaigusa. Wengi wanaoziendesha hawajui. Mlio ukitoka na maandishi ya Kijapani yakitokea kwa dashibodi, mtu anadhani ni redio inasumbua.

Nimeona watu wakisema mtandaoni ati hii teknolojia ikifika kwa kila gari, ajali zitaisha. Mimi sikubali, na sababu yangu iko kwa historia ya hiyo teknolojia yenyewe.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wazazi wetu. Mwaka 1959 Cadillac walionyesha gari la maonyesho, Cyclone, lenye pua mbili kama za roketi. Ndani ya hizo pua kulikuwa na rada ya kumwonya dereva kwamba kuna kitu mbele. Haikuwahi kuuzwa. Kazi ya maana ilikuja kufanyika Japani. Mwaka 1992 Mitsubishi waliweka leza kwa Debonair, ikapima umbali na kupiga kelele tu, breki haikugusa. Mwaka 1999 Subaru waliweka kamera mbili kwa Legacy Lancaster. Mwaka 2003 Honda Inspire ikatoka na mfumo ambao ulifunga breki wenyewe. Halafu 2008 Subaru wakaleta EyeSight, ile ambayo ndugu zetu wa Subaru hapa Kenya wanajivunia bila kujua inafanya nini.

Inafanya hivi. Inua kidole mbele ya uso, funga jicho moja, kisha badilisha ufunge lile lingine. Kidole kinaruka, si ndio? Kikiwa karibu kinaruka sana, kikiwa mbali kinaruka kidogo. Kamera mbili zinapima huo mruko na kompyuta inajua umbali. Gari zingine zinatumia rada: inatuma mawimbi, inasikiliza mwangwi, na jinsi mwangwi umebadilika inaonyesha mnakaribiana kwa kasi gani. Baada ya hapo ni hesabu ya darasa la sita. Kama lori liko mita 40 mbele na mnakaribiana kwa mita 20 kila sekunde, zimebaki sekunde 2. Kompyuta inalia, inashika breki kidogo, na ukiendelea kulala inazifunga zote. Wewe kushtuka tu na kuhamisha mguu kunaweza kumaliza zaidi ya sekunde moja.

Ni kitu safi kabisa. Lakini iliundwa ikiangalia nini? Foleni za mjini na gari iliyo mbele yako. EyeSight ya 2010 iliweza kukwepa kugonga kama tofauti ya kasi haikuzidi kama kilomita 30 kwa saa. Ile ya 2014 ilifika kama 50. Ukipita hapo, inapunguza tu uzito wa kishindo.

Sasa leta hiyo hesabu kwa barabara yetu, njia moja kwenda na moja kurudi, kona juu ya kona kutoka Chuka hadi Nkubu. Mtu anaovateki akiwa 80, anayekuja naye yuko 80. Wanakaribiana kwa 160, yaani mita 44 kila sekunde. Mita 100 zinaisha kwa sekunde mbili na kidogo. Na kuna jambo lingine: ukikanyaga mafuta kwa nguvu, mifumo mingi inachukulia kwamba unajua unachofanya na inakuachia. Na kuovateki ni nini kama si kukanyaga mafuta? Ongeza ukungu wa asubuhi upande wa mlima, na mkokoteni wa punda ambao kamera ya Japani haikufundishwa kuutambua.

Hapa ndipo historia ya Japani inanivutia zaidi. Mwaka 1970 barabara zao ziliua watu 16,765. Walikuwa wanaita hali hiyo vita. Wakajenga njia za waenda kwa miguu, vivuko vya juu, taa na kingo za barabara, wakakaza mikanda na sheria za ulevi. Kufikia 2008, mwaka ambao EyeSight ilitoka, vifo vilikuwa vimeshuka hadi karibu 5,200. Zaidi ya theluthi mbili ziliondoka kabla breki ya kompyuta haijawa kitu cha kawaida. Ile kamera iliwekwa juu ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Sisi tumeletewa mabati kabla ya ukuta.

Si kwamba hatukujaribu. John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, alitoa kanuni zake 2003 na zikaanza kukazwa Februari 2004: mikanda kwa kila kiti cha matatu na spidi gavana isiyoruhusu kupita 80. Fikiria vizuri, gavana ndiyo babu ya hii kamera: mashine inayomkatalia dereva. Na kila mtu anajua kilichotokea, fundi alijifunza kuichezea. Hata hizi gari mpya kwa kawaida zina swichi ya kuzima mfumo. Muulize dereva wa pikapu ya miraa kutoka Maua, ambaye mzigo wake unapoteza nguvu ndani ya kama siku mbili, kama hiyo swichi ataiacha imewaka.

Halafu ni nani anapata hii kitu? Sheria yetu inakataa gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hivyo mwaka 2025 zilizoruhusiwa ni zile zilizosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Nyingi zinakuja na kamera. Vizuri kwa mwenye Demio. Lakini barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na kundi kubwa zaidi ni wanaotembea kwa miguu, wakifuatwa na wa pikipiki. Abiria wa basi naye anapanda gari ambalo mara nyingi mwili wake umejengwa hapa nchini juu ya chesisi ya lori.

Jioni ya Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni kwenye daraja la Nithi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Taarifa za kwanza zilisema breki zilifeli. Hapo ndipo kamera haina jibu, kwa sababu haileti breki zake. Inasukuma mafuta yaleyale kwenye pedi zilezile. Pedi zikishachomeka kwenye mteremko, kompyuta inakanyaga hewa kama dereva.

Mjomba wangu wa Runyenjes alibadilisha kioo cha mbele mwaka jana. Fundi aliweka kizuri, cha bei ya huruma, lakini kamera haikupimwa upya. Taa ya njano ikawaka kwa dashibodi, na mjomba akaifunika na kipande cha selotepu. Ukiwa na gari kama hiyo, dai kamera ipimwe kila kioo kinapobadilishwa, na usibandike stika mbele yake. Na ukitoka Chuka, kabla mteremko wa Nithi haujaanza, toa gia kutoka D uweke L, S au B, yoyote gari yako iko nayo, injini ishikilie uzito. Hiyo kazi kamera haikufanyii.