Nani alichagua Mikindani? Habari ya kambi, mikoko na ngamia 6

Mjadala wa hosteli wiki hii si mpira wala siasa. Ni wapi tukapige kambi siku mbili boom likiingia, sharti likiwa moja tu: gari la kukodi liende na kurudi bila kumeza hela yote kwenye mafuta. Kuna kambi ya Msimbati, kuna kambi ya Mikindani, halafu kuna jamaa mmoja mbishi ile mbaya anayetaka mdomoni kabisa mwa mto Ruvuma, eti tulale tukiitazama Msumbiji. Huyu wa Ruvuma ndiye aliyenifanya nishike kibodi, maana wazo lake lilishajaribiwa mwaka 1866, na aliyelijaribu mnamjua wote tangu shule ya msingi. David Livingstone.

Basi bwana, mzee alikuwa si mgeni wa mto huu. Alishaupanda mwaka 1861 na tena 1862, akitafuta njia ya maji ya kuingia bara, na mara zote mto ulimshinda. Safari ya 1866 akaja kivingine: atashuka mdomoni mwa Ruvuma, kisha apande kwa miguu pembeni ya mto. Alitoka Unguja na manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin, na mizigo yake ilikuwa kichekesho: ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 pamoja na ndama, baghala 2 na punda 4. Watu walikuwa masipai 13 kutoka India, Wanzuani 10, vijana 9 waliosoma Nasik huko India, na wengine wachache, wakiwemo Susi na Chuma. Hao wawili wa mwisho muwakumbuke.

Sasa mshushe ngamia kwenye mikoko! Aliyewahi kufika ule mlango wa mto anajua: tope, mizizi iliyosimama kama vidole, maji yanayopanda na kushuka, na pakavu huponi mpaka uende mbali. Binadamu anaweza kuruka ruka. Ngamia hawezi. Ramani ilionyesha lango la kuingilia bara, ardhi ikasema hapana. Ikabidi chombo kigeuze kaskazini, kama kilomita 40 hivi, na tarehe 24 Machi 1866 wanyama wakashushwa kwenye ghuba ya Mikindani. Mzee akapanga nyumba, akakaa hapo karibu wiki mbili akitengeneza matandiko na kutafuta wabeba mizigo, ndipo akaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Hapa ndipo ninapogombana na vitabu kidogo. Tunafundishwa kwamba Livingstone "alichagua" Mikindani. Alichagua nini? Mikoko ilimfukuza, akaenda mahali ambapo watu walishapachagua zamani. Angalia alichokikuta: ghuba iliyotulia yenye mlango mwembamba, maji ya kunywa, nyumba za kupanga, watu wa kuajiri, na ofisa wa forodha wa Sultani wa Unguja. Tena mkononi alikuwa na barua ya Sultani Majid ya kumtambulisha. Hiyo si nyika, wandugu, ni mji.

Na kwa nini mji ule ulikuwa na njia za kwenda bara na watu waliozoea misafara? Jibu linauma. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilishusha pwani pembe za ndovu na binadamu. Kilwa ndiyo iliyopokea wengi zaidi, lakini Lindi na Mikindani nazo zilikuwa kwenye biashara hiyo. Yaani kila kitu kilichopafanya Mikindani pawe pazuri kwa kuanzia safari, kilijengwa na ile ile biashara aliyokuja kuipinga. Juni mwaka huo huo, akiwa bara kwenye njia ya Ruvuma, alikuta mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, amekufa, kwa sababu alishindwa kwenda na wenzake. Mimi nikipita pale ufukweni kwa daladala huwa najiuliza wangapi walilala kwenye mchanga ule bila kuuliza kama pana kivuli.

Nirudi kwa ngamia. Mzee alitaka kujua kama ngamia na nyati wa India wanaweza kuhimili mbung'o. Jaribio likaharibika, maana wanyama walipigwa na kutwishwa kupita kiasi na waliokabidhiwa, wakafa mmoja mmoja, ikawa shida kusema ni mbung'o au ni fimbo. Masipai wakarudishwa. Wanzuani wakatoroka, wakafika Unguja na stori kwamba Livingstone ameuawa, uongo mtupu uliosafiri mpaka Uingereza na kufanya atumwe mtu kwenda kuhakikisha mwaka 1867. Susi na Chuma walibaki. Mzee alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wao na wenzao ndio waliobeba mwili mpaka Bagamoyo.

Wajerumani nao walikuja kukaa Mikindani, boma lao la 1895 bado limesimama mlimani na siku hizi ni hoteli. Waingereza walipotaka bandari ya ule mradi wa karanga ulioanza 1947, waliiruka Mikindani wakaja kwenye ghuba ya Mtwara, kwa sababu meli kubwa zinataka kina. Mradi ukafa mapema 1951, bandari ikafunguliwa 1954. Ndiyo maana sisi leo tunaishi Chuno na Mikindani tunakwenda kutembea.

Kwa hiyo kura yangu: Ruvuma hapana, mpaka jamaa atuonyeshe pa kushukia. Msimbati ni mchanga wa ajabu, lakini ni zaidi ya kilomita 40 na imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo lazima tuulize kwanza vibali na ada. Mikindani ni kama kilomita 10, maji yapo, na samaki wa jioni tunanunua kwa wenyeji. Anayepinga aje chumbani na hela yake ya mafuta mkononi.